Bega Lililoganda: Kungoja, Mazoezi, Sindano au Upasuaji?

Mgonjwa anayeambiwa kwamba bega lake limeganda huondoka na ushauri mwingi kuliko anaoweza kuufuata. Daktari mmoja humwambia avumilie kwa kuwa ugonjwa huu huisha wenyewe, mtaalamu wa fiziotherapia humpa mazoezi ya kila siku, daktari wa pili hupendekeza sindano ndani ya kiungo, na jamaa aliyewahi kupasuliwa huapa kwamba hakuna njia nyingine. Ushauri wote huo una msingi, lakini kila mmoja unamfaa mgonjwa wa hatua fulani, mwenye maumivu ya kiasi fulani na mwenye afya ya namna fulani. Hapa njia hizo zinawekwa sambamba, ili aliyekwama kati yake ajue la kumuuliza daktari wake na aelewe kwa nini tiba iliyomponya mwenzake huenda isimfae yeye.

Kinachotokea ndani ya bega

Kiungo cha bega kimezungukwa na kifuko cha nyuzinyuzi ambacho, bega likiwa zima, huwa kilegevu kiasi cha kuuruhusu mkono uende karibu kila upande. Bega linapoganda, kifuko hicho huvimba kwa ndani, kisha hunenepa, hukaza na kusinyaa. Kifuko kizima hupokea mililita 20 au zaidi za maji bila shida, ilhali kilichosinyaa mara nyingi hakifikii hata mililita 10. Sehemu ya mbele na ya juu ya kifuko ndiyo inayoathirika mapema, na kwa sababu hiyo mwendo unaopotea kwanza ni ule wa kuuzungusha mkono kwenda nje huku kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni.

Mwendo huo ndio unaompa daktari jibu. Mtu aliyechanika kano za bega hushindwa kuuinua mkono kwa nguvu zake mwenyewe, lakini daktari akimsaidia mkono unakwenda. Bega lililoganda halikubali nguvu za mgonjwa wala za daktari. Picha ya eksirei kwa kawaida haionyeshi kasoro, nayo hupigwa hasa ili kuhakikisha kwamba gegedu halijalika, bega halijateguka na hakuna uvimbe katika mfupa. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu za sumaku, si cha lazima kwa kila mgonjwa. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa ulinganisho wote unaofuata hauna maana iwapo bega halijaganda kweli, na maumivu ya bega yasiyohusiana kabisa na kifuko ni mengi.

Inakadiriwa kwamba watu 2 hadi 5 katika kila 100 hupatwa na hali hii, wengi wao wakiwa na umri kati ya miaka 40 na 60, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Wenye kisukari hupatwa mara kadhaa zaidi ya wengine, na wenye matatizo ya tezi ya shingo pia wamo hatarini. Wengine huanza baada ya kuvunjika, kufanyiwa upasuaji, kupata kiharusi au kukaa muda mrefu mkono ukiwa umefungwa. Wapo pia ambao sababu haionekani kabisa. Mtu ambaye bega lake limeganda bila sababu na hajawahi kupima sukari anafanya vyema akipima.

Ugonjwa hupitia hatua tatu. Ya kwanza ni ya maumivu yanayozidi, hasa usiku, huku mwendo ukipungua kidogo kidogo. Hudumu kati ya miezi 2 na 9. Ya pili ni ya kukakamaa: maumivu hupungua na hubaki zaidi mwishoni mwa mwendo, lakini mkono umefungwa, hudumu kati ya miezi 4 na 12. Ya tatu ni ya kulegea taratibu, nayo inaweza kuchukua kuanzia miezi 5 hadi miaka 2. Mipaka ya hatua hizi haijanyooka kama inavyoandikwa, na wagonjwa wengi hujikuta wakiwa na mguu mmoja katika hatua moja na mwingine katika hatua ifuatayo. Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston aliyeupa ugonjwa huu jina lake la sasa mwaka 1934, alikiri kwamba ni mgumu kuufafanua, kuutibu na kuueleza, na sehemu ya ungamo hilo ingali kweli hadi leo.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, na kwa maoni yangu kikubwa kuliko vyote, ni hatua ya ugonjwa, kwa sababu tiba inayotuliza uvimbe wa miezi ya mwanzo haina kazi kubwa pale ambapo uvimbe umekwisha na kilichobaki ni kovu lililokaza. Cha pili ni kinachokusumbua zaidi kati ya maumivu na kukakamaa. Mtu asiyelala usiku na mtu anayelala vizuri lakini hafikii rafu ya juu wana ugonjwa mmoja, ila wanahitaji vitu viwili tofauti. Cha tatu ni muda unaoweza kuvumilia kabla ya kupata nafuu. Cha nne ni hatari, zikihesabiwa pamoja na magonjwa mengine uliyo nayo. Cha tano ni mzigo wa tiba yenyewe, yaani mahudhurio, fedha, siku za kukosa kazi na juhudi utakayotakiwa kuitoa wewe mwenyewe.

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo manne yaleyale: inavyofanyika, inachotoa, hatari na mzigo wake, na anayefaa kuifikiria.

1. Kungoja kwa uangalizi

*Inavyofanyika.* Kungoja huku ni tofauti na kulipuuza bega. Mgonjwa huelezwa mwendo wa ugonjwa, hupewa dawa za maumivu, hushauriwa aendelee kuutumia mkono katika shughuli ambazo haziamshi maumivu makali, na huonwa tena baada ya wiki kadhaa. Kuufunga mkono kwa kitambaa shingoni hakushauriwi, kwa kuwa kifuko kisichotikiswa huzidi kukaza. Usiku, kulala chali huku mto mdogo ukishikilia mkono kuanzia kiwiko, au kulala upande mzima huku ukikumbatia mto, huwapunguzia wengi adha. Dawa huanzia parasetamoli hadi zile za kundi la ibuprofeni, ambazo zinahitaji tahadhari kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, shinikizo la damu, na kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

*Inachotoa.* Zaidi ya watu wengi wanavyodhani. Utafiti mdogo wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia wagonjwa 77 kwa miaka miwili. Kati ya waliofanya mazoezi mepesi ndani ya mipaka ya maumivu, asilimia 89 walifikia bega la kawaida au karibu na la kawaida. Kati ya walionyooshwa kwa nguvu kupita mpaka huo, waliofikia hapo walikuwa asilimia 63. Hata hivyo, usemi kwamba bega hupona kabisa lenyewe hauko sahihi kwa kila mtu. Wagonjwa wakifuatiliwa kwa miaka minne na zaidi, takriban wanne kati ya kumi bado hutaja maumivu au ugumu fulani, ingawa kwa wengi wao ni wa kiasi kidogo.

*Hatari na mzigo.* Hatari za moja kwa moja ni zile za dawa tu. Mzigo ni muda, kwani safari yote inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na miezi ya kukosa usingizi humchosha mtu kwa namna ambayo hakuna kipimo cha bega kinachoionyesha.

*Inamfaa nani.* Mwenye maumivu yanayovumilika, ambaye kazi yake haihitaji kuinua mikono juu, au ambaye tayari anaona mwendo ukirudi mwezi hadi mwezi. Aliyekwisha kuingia hatua ya kulegea mara nyingi hahitaji zaidi ya hapa.

2. Fiziotherapia na mazoezi ya nyumbani

*Inavyofanyika.* Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mazoezi hubadilika kufuatana na hatua. Katika hatua ya maumivu, mgonjwa huinama huku ameegemea meza kwa mkono usioumwa, akauachia mkono mgonjwa uning'inie na kuuyumbisha taratibu mbele, nyuma na kwa miduara midogo. Anaweza pia kuketi mbele ya meza na kuutelezesha mkono juu yake kwenda mbele. Lengo ni kuzuia mwendo usiendelee kupotea, na si kuurudisha kwa nguvu. Katika hatua ya kukakamaa ndipo kunyoosha hasa huanza. Mgonjwa hulala chali, viwiko vikiwa ubavuni, ameshika fimbo kwa mikono yote miwili, kisha mkono mzima huusukuma ule mgonjwa kwenda nje. Huuvuta mkono mgonjwa kupita kifuani kwa kutumia ule mzima. Hupandisha vidole ukutani hatua kwa hatua. Na baadaye hutumia taulo kuuvuta mkono nyuma ya mgongo. Kila mvuto hushikiliwa kwa sekunde 15 hadi 30, na vipindi vifupi vinavyorudiwa mara kadhaa kwa siku hufaa kuliko kipindi kimoja kirefu. Kulipasha bega moto kwa maji au kitambaa cha joto kabla ya kuanza hurahisisha kazi. Mtaalamu naye huongeza kuusogeza mfupa wa bega kwa mikono yake katika pande ambazo mgonjwa hawezi kuzifikia peke yake.

Kipimo cha kiasi ni rahisi. Kuvuta kunakohisiwa wakati wa zoezi kunaruhusiwa, na maumivu kidogo yanayotulia muda mfupi baadaye yanaruhusiwa. Lakini zoezi la jioni likikunyima usingizi, umezidisha, na siku inayofuata unapaswa kupunguza.

*Inachotoa.* Huongeza mwendo polepole, humpa mgonjwa imani ya kuutumia mkono, na huhifadhi faida iliyopatikana kwa tiba nyingine yoyote. Mazoezi peke yake katika wiki za mwanzo hayatulizi maumivu kwa kasi ya sindano, lakini yakiambatanishwa na sindano matokeo ya mwendo huwa mazuri kuliko ya sindano tupu.

*Hatari na mzigo.* Hatari ni ndogo iwapo hatua ya ugonjwa imeheshimiwa. Isipoheshimiwa, kifuko chenye uvimbe huchokozwa na maumivu huzidi, na hapo ndipo wagonjwa wengi huacha mazoezi kabisa. Mtaalamu anayeendelea kuvuta mkono wa mgonjwa wa mwezi wa pili hadi machozi yamtoke hamsaidii, hata kama anafanya hivyo kwa nia njema. Mzigo mwingine ni nidhamu ya kila siku kwa miezi, pamoja na nauli na muda wa mahudhurio.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu kwa kiwango fulani, lakini kama tiba kuu inamfaa zaidi aliyevuka kilele cha maumivu na kubaki na ugumu.

3. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo

*Inavyofanyika.* Daktari huingiza steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, mara nyingi ikiwa imechanganywa na ganzi, ndani ya kiungo chenyewe, kwa kufuata alama za mwili au akiongozwa na ultrasaundi. Ni kazi ya dakika chache na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

*Inachotoa.* Nafuu ya maumivu ndani ya siku au wiki chache, usingizi kurudi, na mwendo kuongezeka kiasi kwa kuwa kinachouzuia mkono mapema si kukaza kwa kifuko peke yake bali pia maumivu. Tafiti nyingi zinakubaliana kwamba faida hiyo huonekana zaidi katika wiki na miezi michache ya mwanzo. Baada ya miezi sita hadi mwaka, aliyechomwa na asiyechomwa huwa wamekaribiana. Wapo wanaolichukulia hilo kama ushahidi kwamba sindano haina maana. Sikubaliani nao, kwani kuokolewa miezi mitatu ya usiku wa mateso ni faida kamili hata kama mwisho wa safari ni uleule. Jambo la kuzingatia ni wakati: sindano hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema, uvimbe ukiwa bado upo, na hupungukiwa nguvu katika bega lililokwisha kukakamaa bila maumivu makubwa.

*Hatari na mzigo.* Maumivu yanaweza kuzidi kwa siku moja au mbili kabla ya kutulia. Uso unaweza kuwa mwekundu kwa muda, na ngozi ya mahali palipochomwa inaweza kuwa nyembamba au kupauka. Maambukizi ndani ya kiungo ni nadra sana lakini ni hatari, kwa hiyo homa au bega kuwa jekundu na la moto baada ya sindano ni jambo la kurudi hospitali haraka. Kwa mwenye kisukari, sukari ya damu hupanda kwa siku kadhaa, na anahitaji kuipima mara nyingi zaidi na kujua mapema jinsi ya kurekebisha dawa zake. Sindano hairudiwi ovyo, na madaktari wengi huweka kikomo cha chache tu zenye wiki kadhaa kati yake.

Vidonge vya steroidi navyo hupunguza maumivu, ila faida yake hufifia ndani ya wiki chache na madhara yake huenea mwili mzima. Kwa hiyo sindano hupewa kipaumbele pale inapopatikana.

*Inamfaa nani.* Aliye katika miezi ya mwanzo, ambaye maumivu ndiyo mzigo mkubwa, na hasa yule ambaye maumivu yanamzuia hata kuanza mazoezi.

4. Kukijaza kifuko maji

*Inavyofanyika.* Kwa kuongozwa na ultrasaundi au eksirei, daktari huingiza ganzi, mara nyingi pamoja na steroidi, kisha maji ya chumvi yaliyotakaswa, kwa jumla ya mililita 20 hadi 40, ili kukitanua kifuko kilichosinyaa.

*Inachotoa.* Nafuu ya maumivu na ongezeko la mwendo kwa muda mfupi hadi wa kati. Kama maji yenyewe yanaongeza kitu kikubwa juu ya steroidi iliyomo ndani yake, wataalamu hawajaafikiana.

*Hatari na mzigo.* Hatari ni zilezile za sindano, pamoja na maumivu ya kubanwa wakati kifuko kinatanuka, ambayo baadhi ya wagonjwa huyaona makali. Inahitaji vifaa na daktari aliyeizoea, na mazoezi yasipofuata mara moja nafasi iliyofunguliwa hupotea.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha kuchomwa sindano ya kawaida bila mafanikio ya kutosha, na anayetaka kujaribu jambo moja zaidi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

5. Kunyooshwa chini ya nusukaputi

*Inavyofanyika.* Mgonjwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, daktari wa mifupa huusogeza mkono kwa mpangilio maalumu hadi kifuko kilichokaza kiachie. Hakuna kukata, na kwa kawaida steroidi huwekwa ndani ya kiungo wakati huohuo.

*Inachotoa.* Mwendo mwingi hurudi kwa siku moja, ingawa kuuhifadhi ni kazi ya wiki zinazofuata.

*Hatari na mzigo.* Zipo hatari za nusukaputi yenyewe, na kwa nadra mfupa wa juu wa mkono kuvunjika, bega kuteguka, kano kuchanika au neva kuvutwa. Mwenye mifupa dhaifu anapaswa kulitaja hilo mapema.

*Inamfaa nani.* Mwenye bega lililokakamaa kwa miezi mingi licha ya mazoezi na sindano, ambaye mifupa yake ni imara.

6. Kukikata kifuko kwa upasuaji wa matundu madogo

*Inavyofanyika.* Daktari huingiza kamera ndogo na vifaa vyembamba kupitia matundu mawili au matatu, kisha hukata sehemu za kifuko zilizokaza huku akiziona kwa macho. Pia chini ya nusukaputi.

*Inachotoa.* Kifuko hufunguliwa kwa usahihi zaidi kuliko kwa nguvu za mikono, na daktari hupata fursa ya kuona iwapo kuna tatizo jingine ndani ya bega.

*Hatari na mzigo.* Nusukaputi, maambukizi, kuumia kwa neva iliyo karibu na upande wa chini wa kifuko, na ugumu kurudi. Ndiyo njia yenye gharama kubwa kuliko zote hapa, na baada yake fiziotherapia huanza mapema na kuendelea kwa wiki nyingi.

*Inamfaa nani.* Mwenye ugumu mkubwa uliokataa tiba nyingine, mwenye mifupa isiyostahimili kunyooshwa kwa nguvu, au aliyenyooshwa na bega likaganda tena. Bega lililokaza baada ya kuvunjika au baada ya upasuaji mwingine nalo mara nyingi huhitaji njia hii.

Zilipopimwa pamoja

Ulinganisho mkubwa wa njia za hospitali ulifanywa Uingereza na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2020. Wagonjwa 503 wa hospitali 35 waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu: fiziotherapia ya vipindi hadi 12 pamoja na sindano ya steroidi, kunyooshwa chini ya nusukaputi, na upasuaji wa matundu. Baada ya mwaka mmoja, kwa kipimo cha hali ya bega ambacho alama ya juu kabisa, yaani nzuri kuliko zote, ni 48, kundi la upasuaji lilikuwa na wastani wa 40.3, la kunyooshwa 38.3 na la fiziotherapia 37.2. Tofauti hizo zilikuwa ndogo kuliko kiwango ambacho watafiti walikuwa wamekiweka mapema kuwa na maana kwa mgonjwa.

Makundi hayo yalitofautiana kwa mambo mengine. Walioanza na fiziotherapia walihitaji tiba ya ziada mara nyingi zaidi, asilimia 15 yao, dhidi ya asilimia 7 ya walionyooshwa na 4 ya waliopasuliwa. Kwa upande wa pili, matukio mabaya mazito yalikuwa manane katika upasuaji, mawili katika kunyooshwa, na hakuna hata moja katika fiziotherapia. Mgonjwa hapa anachagua aina ya bahati anayoweza kuishi nayo: kuanza kwa upole huku akijua kwamba huenda akahitaji hatua ya pili, au kuanza kwa nguvu na kubeba hatari kubwa zaidi mwanzoni. Watu wenye busara huchagua tofauti, na sioni sababu ya kumlaumu yeyote kati yao.

Kuna pia mafuta ya kuchua, kukandwa, na sindano nyembamba za Kichina. Baadhi ya watu huliwazwa nazo na misuli ya shingo iliyochoka kwa kufidia bega hutulia, lakini ushahidi kwamba zinakilegeza kifuko ni hafifu. Hazina ubaya kama nyongeza, mradi zisile fedha na miezi ambayo ingetumika kwa tiba nyingine.

Kuchagua kwa kufuata hali yako

Ikiwa uko katika miezi ya mwanzo na maumivu yanakuamsha usiku, zungumza na daktari kuhusu sindano ya steroidi mapema, kisha utumie wiki za nafuu kufanya mazoezi mepesi. Kungoja hadi bega likakamae kabisa ndipo uombe sindano ni kuiomba wakati ambapo haina mengi ya kukupa.

Ikiwa maumivu yamepungua na kilichobaki ni ugumu, mazoezi ya kunyoosha yanastahili nafasi ya kwanza. Pima maendeleo kwa mwezi badala ya siku, kwa mfano kwa kuweka alama ukutani mahali vidole vinapofika. Alama ikipanda, hata kidogo, hakuna haraka ya kubadili njia.

Ikiwa una kisukari, sindano haijakatazwa, lakini sukari inapaswa kudhibitiwa kwanza na mpango wa siku zinazofuata ujulikane. Jua pia kwamba bega lako huenda likachelewa kuachia kuliko la mwingine, na kwamba wenye kisukari hufikia upasuaji mara nyingi zaidi, kwa hiyo makadirio ya muda uliyoyasikia kwa wengine yasikuvunje moyo.

Ikiwa bega limeganda baada ya kiharusi au matibabu ya saratani ya titi, mpango wa mazoezi utungwe na mtaalamu anayeijua hali hiyo, kwa kuwa udhaifu wa misuli au makovu ya kifua hubadilisha mazoezi yanayoruhusiwa.

Ikiwa bega la kwanza limepona na sasa la upande wa pili linaanza kuuma, usishangae. Hilo hutokea kwa wagonjwa si haba ndani ya miaka michache, ingawa bega lilelile kuganda mara ya pili ni nadra. Faida yako ni kwamba unajua dalili, na unaweza kwenda kwa daktari katika wiki ambazo sindano bado ina nguvu.

Ikiwa una homa, uvimbe unaoonekana, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani, au bega limeshindwa kufanya kazi ghafla baada ya kuanguka, usichague chochote kati ya hizi kabla ya kuchunguzwa upya. Maumivu ya bega au mkono yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, kutokwa jasho au kukosa pumzi ni ya kupelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Ikiwa miezi sita au zaidi ya mazoezi na sindano haijasogeza kitu, na kazi au malezi yako hayawezi kungoja, ndipo mazungumzo kuhusu maji, kunyooshwa au kupasuliwa yana nafasi yake. Mwenye mifupa imara anayetaka kuepuka kukatwa anaweza kuanza na kunyooshwa. Mwenye mifupa dhaifu au bega lililokaza baada ya kuvunjika aulizie upasuaji wa matundu. Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, uliza miadi yako ya kwanza ya fiziotherapia ni lini. Ikiwa hakuna iliyopangwa ndani ya wiki ya kwanza, omba tarehe ya upasuaji iahirishwe hadi miadi hiyo ipatikane.